Ringi Zilizobaki Ihanja

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya zamani. Nimechelewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, shule yangu iliishia darasa la nne, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko jeki. Ya pili, nilipoketi kuandika mara ya kwanza Fundi Maganga alikuwa bado hai, na kila nilichotaka kukieleza nilijua yeye angekieleza vizuri zaidi. Niliahirisha nikisema nitampelekea yeye kazi hiyo. Sasa tumemzika pale Utemini, na sina tena wa kumsukumia. Kwa hiyo naandika.

Sitasema habari za vyeo. Nilipata kimoja, kikaja na meza, nami nikaitumia meza hiyo kuwekea kabureta. Mishahara nayo haikuwa siri kwa mtu yeyote aliyewahi kuona viatu vyetu.

Nilitoka kwetu Ihanja miaka michache baada ya Uhuru, nikaja Singida mjini kutafuta ufundi. Karakana ya Maganga ilikuwa banda la mabati lililoegemea mwamba mkubwa, na nusu ya vifaa vyake ilikaa juu ya mwamba huo kwa sababu rafu hazikuwepo. Mwenyewe alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tabora. Alikuja Singida akiendesha lori, lori likamharibikia, akakaa kusubiri kipuri. Kipuri kilipofika alikuwa ameshaoa.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila langu. Niliposema mimi ni Mnyaturu, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa karanga zangu za kukaanga na kuanza kuzila huku akinieleza kazi. Sikukasirika, na ninyi mnaokua sasa labda mtashangaa kwa nini. Sisi na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kofia yako, kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, hata kukuzuia mlangoni kwenye msiba wako, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Utani wa namna hiyo haukuwa mchezo wa watoto. Ulikuwa njia ya watu wasio ndugu kuishi kama ndugu.

Alipomaliza karanga zangu akaniwekea debe la nati zilizochanganyika za kila saizi, akaniambia nizichambue huku nimefumba macho. Chini ya gari, alisema, macho hayafiki kila mahali, ila vidole vinafika. Nilichambua mpaka ncha za vidole zikawa nyeusi na laini. Mpaka leo ukinipa nati gizani nitakutajia spana yake. Mke wangu anasema ni kipaji kisicho na faida yoyote nyumbani.

Mtu wa pili mnayepaswa kumjua ni Hango, dereva wa Mungaa. Watu wa Mungaa walipokusanyika katika kijiji cha ujamaa walipata pikapu moja kuukuu ya Kiingereza, na Hango akapewa usukani kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ameshika usukani kabla. Pikapu ile ilibeba mtama, karanga, mbolea, mabati ya shule, wajumbe wa mikutano, na wagonjwa. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Taa moja ilitazama barabara, ya pili ilitazama mbinguni. Breki zake ulikuwa unazikanyaga, unazikanyaga tena, kisha unatafuta kichuguu.

Hango alikuwa Mnyaturu kama mimi, kwa hiyo naye alikuwa mtani wa Maganga, na wawili hao walitaniana mpaka wateja wengine wakasahau magari yao. Hango akifika alikuwa akisema kwa sauti, kabla hata hajashuka, kwamba anashangaa Mnyamwezi kugusa gurudumu, maana babu zake walibeba mizigo mabegani mpaka pwani na hakuna aliyewaza kuiviringisha. Maganga alikuwa akijibu kutoka chini ya gari kwamba angalau babu zake walisafiri, ilhali babu zake Hango walilala nyumba moja na ng'ombe wakiogopa kuachana nao. Hango alimwita "mpagazi wangu". Maganga alimwita "mchungaji". Sikumbuki hata siku moja waliitana kwa majina.

Basi mkaguzi wa magari akaiona pikapu ya Mungaa ikisimama mjini kwa kugonga kichuguu kilichokuwa kando ya barabara. Alikuwa mtu mwenye subira. Akasema inaweza kuendelea kubeba mbolea, ila isibebe binadamu mpaka iwe na breki za kweli. Hakuna aliyebisha, hata Hango.

Lakini kwa Hango neno hilo lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Mkewe, Salome, alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia alijifungua kwa upasuaji, na mtoto hakuishi. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi kwamba safari hii asithubutu kukaa kijijini. Dalili zikianza tu, apelekwe hospitali ya mjini. Na kutoka Mungaa kwenda mjini, wakati wa mvua, gari lililokubali kupita njia ile lilikuwa moja tu, ndilo hilo.

Wakati huohuo kulikuwa na pikapu nyingine iliyopinduka karibu na Ihanja. Ilikuwa ya kiwanda kilekile, ila ya toleo jipya zaidi, na breki zake zilikuwa kubwa kuliko za kwetu. Mwenye nayo alikuwa ameikatia tamaa, akawaruhusu watu wa Mungaa wachukue watakachohitaji. Maganga akafurahi sana. Alieleza kwamba dramu, yaani kile chungu cha chuma ambacho viatu vya breki hutanuka ndani yake na kukikamata, ikiwa pana zaidi inasimamisha gari kwa nguvu ndogo zaidi. Tukifunga dramu kubwa mbele, pamoja na habu zake, vile vitovu vya chuma vinavyokaziwa magurudumu, pikapu kuukuu itasimama kama mpya.

Hango akajiandaa kwenda Ihanja na vijana wa kijiji. Maganga alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ndiyo iliyoonekana, akamwambia kutoka humo, "Mchungaji, ukishafungua habu na dramu, usisahau ringi zake. Leta ringi mbili."

Hango akacheka. "Ringi za nini? Unataka kumpelekea mama mkwe wako?"

Maganga naye akacheka, akasema mama mkwe amezisubiri muda mrefu. Mimi pia nilicheka, nikimwaza mama huyo akipokea vyuma vya magurudumu. Hango akaondoka.

Alirudi na habu, dramu, viatu vya breki, hata springi ndogo ndogo, kila kitu kimefungwa kwenye magunia kwa uangalifu. Tulifanya kazi kwa raha. Tulivua breki za zamani, ambazo viatu vyake vilikuwa vimelika mpaka vikawa vyembamba kama ukucha. Tulifunga habu mpya, tukapaka grisi beringi, tukapanga viatu, tukaweka dramu. Kisha nikapanda mimi kukanyaga pedali ili Maganga atoe hewa kwenye mafuta ya breki. Kanyaga, shika, achia. Kanyaga, shika, achia. Kazi hiyo, vijana, msiifanye kwa haraka. Hewa kwenye mafuta ya breki ni kama uongo kwenye ndoa, unaukanyaga na hakuna kinachokuzuia.

Ikaja zamu ya kurudisha magurudumu. Tulichukua magurudumu yaleyale ya pikapu. Matundu matano ya ringi yakalingana na bolti tano za habu, na Hango akapiga makofi. Nikakaza nati. Maganga akashika tairi ili alizungushe, na tairi halikuzunguka. Akalisukuma kwa bega. Lilikuwa limegota kama limesimikwa kwa saruji. Hango akasema breki ni nzuri kiasi kwamba zimeshika hata kabla hazijakanyagwa.

Maganga alilivua gurudumu, akaniuliza kama kuna ugali uliobaki. Ulikuwepo, wa mtama, mgumu kiasi. Akakata vidonge vidogo, akavibandika juu ya dramu, vingine pembeni, vingine usoni, kisha akaturudishia gurudumu tukalikaza. Tulipolivua tena, akainama kutazama. Sehemu nyingine ugali ulikuwa bado mnene. Lakini kwenye ukingo wote wa dramu ulikuwa umesagika, chuma cheusi kinaonekana.

"Leo nimeona Mnyamwezi akilisha gari," alisema Hango.

Njia hiyo ya ugali, ninyi nimewafundisha wote, na najua mmenicheka. Chekeni. Mahali ambapo jicho haliingii na kipimo hakiingii, ugali unaingia, na ukitoka unakwambia kweli. Ugali wa mahindi haufai sana, unavunjika.

Sasa tatizo likawa wazi. Kimo cha ringi za zamani na cha zile za pikapu iliyopinduka kilikuwa kimoja, ila matumbo yalikuwa tofauti. Ringi ya zamani tumbo lake lilikuwa la kina kifupi, limetengenezwa kwa dramu ndogo. Ringi ya toleo jipya ilikuwa na tumbo lililochimbwa ndani zaidi, ndipo dramu kubwa ikae. Maganga akajipangusa mikono, akamtazama Hango. "Leta zile ringi sasa."

"Ringi gani?"

"Nilizokuagiza."

Hango akaanza kutabasamu, kisha akaacha. "Nilidhani unanitania."

"Mambo ya breki sitanii."

"Ningejuaje? Ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Amri ya kazi ilitolewa na mtani, ikapokelewa na mtani. Mahali pengine mtu akiambiwa na fundi alete ringi analeta ringi. Kwetu sisi Mnyamwezi akiomba ringi mbili nzuri, Mnyaturu anajua tu kwamba mwenzake anataka kumnyang'anya. Tangu siku hiyo Maganga alijiwekea utaratibu. Akitaka kusema jambo la kazi kwa mtani, anavua kwanza kofia. Kofia ikiwa kichwani, sema unavyotaka. Kofia ikiwa mkononi, sikiliza.

Wakati huo hatukuona haraka. Hango alisema atapita Ihanja wiki ijayo kuzifuata. Lakini asubuhi iliyofuata alikuja mjumbe kwa baiskeli kutoka Mungaa, matope yamemfika magotini, akasema Salome ameanza kuumwa tumbo na mgongo. Si uchungu wenyewe, muuguzi alisema, ila asisubiri.

Hango akatoka nje ya banda, akarudi. Pembeni palikuwa na kipande cha bamba la chuma nene. Akakiinua. Alikuwa dereva mzuri na aliyajua mambo ya gari. Akasema tukikate kama pete mbili, tutoboe matundu, tuziweke kati ya habu na ringi. Ringi itasogea nje, haitagusa dramu, na pikapu itaondoka leo hii.

Maganga hakukataa mara moja. Alichukua bamba lile, akaegemeza ukingo wake kwenye habu, kando ya bolti, akashika ringi mbele yake, akafunga nati moja kwa vidole. Ilizunguka kidogo tu, ikafika mwisho. Akamwita Hango aje atazame.

"Nati imeshika nyuzi tatu za bolti," alisema. Alikuwa amevua kofia. "Gari likishikwa na nyuzi tatu limeshikwa na sala. Gurudumu litatoka kwenye mteremko, na mkeo atakuwa nyuma."

"Nitaendesha polepole."

"Ukienda polepole mpaka wapi? Mteremko haukuulizi."

"Mke ni wangu."

"Najua. Ndiyo maana sifungi."

Mimi nilikuwa nimeshika spana ya magurudumu, sijui niiweke wapi. Nilitegemea Hango atamwita mpagazi, atamtukana babu yake, chochote. Badala yake alinyoosha shati lake, akasema kwa sauti ya chini na ya heshima, kama mtu anayezungumza na karani wa serikali, "Nimekuelewa, Bwana Maganga. Asante kwa kazi yako." Akachukua baiskeli ya yule mjumbe, akaondoka kwenda Mungaa kutafuta mkokoteni wa ng'ombe.

Mtu asiye wa kwetu angesema wameagana vizuri. Maganga alikaa juu ya tairi bovu na hakuinuka.

"Umesikia alivyoniita?" aliniuliza.

Nikasema nimesikia.

"Miaka yote hii sikujua kama anajua jina langu."

Mtani akikuheshimu, amekutoa katika undugu. Hakuna tusi baya kuliko hilo. Maganga alilijua, nami nililijua, na hatukulizungumza tena. Aliniambia tu nitoe matairi kwenye zile ringi mbili za mbele, nizibebe endapo mtu atataka kubadilishana, nitafute lori lolote linaloelekea Ihanja, nisirudi bila ringi za toleo jipya. Alisema, "Kwenu ni kule. Waombe kwa lugha yenu."

Nilipata lori la magunia matupu. Nilipofika penye ajali niliikuta pikapu iliyopinduka imekonda. Watu walikuwa wamechukua milango, kioo, hata usukani, ingawa sijui mtu aende wapi na usukani peke yake. Ringi hazikuwepo. Mama aliyekuwa akipalilia karibu akaniambia mbili ziko shuleni, nyingine hajui zilipo.

Shule ilikuwa imezitumia vizuri sana. Moja ilikuwa imening'inizwa kwa mnyororo, ndiyo kengele. Ya pili ilikuwa imelazwa chini katikati ya uwanja, na mlingoti wa bendera umesimama katika tundu lake la katikati, umeshindiliwa kwa mawe.

Mwalimu mkuu nilimwamkia kwa adabu zote, nikamweleza habari ya Salome, nikamwonyesha ringi zangu mbili, nikaomba tubadilishane. Alikuwa mtu mwema. Kengele aliitoa bila maneno mengi, akagonga kwanza ile niliyoleta ili asikie mlio wake. Akakunja uso. Akasema sauti yake ni ya kinyonge, watoto wa mbali wataanza kuchelewa na watakuwa na sababu. Nikamwambia aigonge kwa chuma kirefu zaidi. Akajaribu, akaridhika.

Kwenye bendera ndipo tulipokwama. Bendera ya taifa hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni, akasema, na kati ya hapo haiguswi. Kama diwani atapita na kukuta mlingoti umelala chini mchana kweupe, yeye ataeleza nini? Ringi ya pikapu ya Mungaa? Nilimwonea huruma, maana alikuwa na haki. Na jioni nisingepata lori la kurudi.

Alifikiri akizunguka mlingoti, mikono nyuma. Kisha akaita darasa la sita, wale wenye nguvu. Akawapanga kuzunguka mlingoti, akawaamuru waushike na kuuinua wima, bendera ikiwa juu, bila kuuinamisha hata kidogo. Mimi nikalala kifudifudi kati ya miguu yao, nikaondoa mawe, nikaivuta ringi, nikaingiza ya kwangu, nikarudisha mawe. Bendera ilipepea muda wote. Upepo wa kwetu nao haukusaidia, watoto walikuwa wakiyumba nao kama mabaharia. Mwalimu alisimama wima kwa heshima mpaka nilipomaliza. Nimefunga magurudumu mengi maishani, ila hilo tu ndilo nililolifunga chini ya taifa zima.

Nilirudi mjini jioni nikiwa nimekaa juu ya ringi zangu. Ile iliyokuwa kengele ilikuwa na kibonyeo ukingoni mahali walipoigonga kila siku. Maganga aliigonga taratibu kwa nyundo ya mti mpaka ikanyooka, akaizungusha kwenye habu huku ameshika msumari karibu na ukingo, akitazama kama nafasi inabadilika. Haikubadilika. Asubuhi tukabandika ugali tena, tukakaza, tukavua. Safari hii vidonge vilibaki na unene wa kidole pande zote. Maganga alivitazama, kisha akatazama mlangoni, mahali ambapo kwa kawaida angesimama mtu wa kusema neno.

Bado kulikuwa na kasoro. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi liligusa springi. Maganga akarefusha ile bolti inayozuia usukani, ili usifike mwisho huo. Tairi halikugusa tena, ila tangu siku hiyo pikapu ya Mungaa iligeuka kama ng'ombe mwenye pembe ndefu kwenye zizi dogo. Tena magurudumu ya mbele hayakuweza kukaa nyuma kwa wenzao bila kuonekana ya kuazima, na ya nyuma hayakuweza kabisa kukaa mbele, kwa hiyo ilibidi watembee na spea za aina mbili. Nawaambia haya kwa sababu kila siku mtu huja akitaka breki kubwa kama anaomba chai. Breki haibadilishwi peke yake. Inavuta gurudumu, gurudumu linavuta usukani, usukani unavuta maneno.

Tulipitia kwa mkaguzi. Akaingia, akaendesha hatua chache, akakanyaga, kofia yake ikaruka ikapiga kioo. Akaiokota, akasema twende.

Maganga aliendesha mwenyewe kuelekea Mungaa, mimi nikiwa pembeni. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo na njia ilikuwa inateleza. Tulikuwa tumefika mbali kiasi tulipouona mkokoteni unakuja, ng'ombe wawili, Hango mbele yao, na mama yake ameketi amempakata Salome kichwa. Salome alikuwa kimya, na kimya chake hakikuwa cha mtu aliyepumzika.

Tulimhamisha na godoro lake. Hango alitazama magurudumu ya mbele, akainama, akaingiza vidole kati ya ringi na dramu, akavitoa. Maganga alimpisha usukani. Hango alitikisa kichwa. "Endesha wewe, mzee wangu," alisema, akapanda nyuma kwa mkewe. Mzee wangu. Bado heshima ileile. Maganga aligeuza gari, kwa mizunguko mingi kuliko alivyopenda.

Mteremko wenyewe uko mahali ambapo njia inapita kati ya miamba na kushukia kwenye korongo. Tulikuwa tumeanza kushuka, matope chini ya matairi, ndipo kundi la ng'ombe likatokea kutoka kwenye miamba na kuanza kuvuka. Sikuona mchunga. Niliona migongo tu, imejaza njia. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu wenyewe. Maganga alikanyaga pedali mara moja, akaachia kidogo, akakanyaga tena. Pikapu iliinama mbele, ikaenda moja kwa moja bila kuvutia upande wowote, ikasimama. Ng'ombe mmoja aligeuka, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Kisha kutoka nyuma ikaja sauti ya Salome, dhaifu lakini yenye hasira. "Fundi, umesimama ya nini? Mimi siwezi kusimama."

Tulifika hospitali mchana. Walimchukua moja kwa moja. Tulikaa chini ya ukuta, Hango upande mmoja, Maganga upande wa pili, mimi katikati kama mpaka wa mashamba. Muuguzi alipotoka alimwambia Hango kwamba amepata mtoto wa kike, na mama yu hai. Hango aliinuka akaingia ndani bila kutuaga, na ilikuwa haki yake. Sitasema kwamba ni breki zilizomwokoa Salome. Labda mkokoteni nao ungefika. Wauguzi hawakusema, nami sikuuliza, na kwa kuwa sijui siandiki.

Siku kadhaa zikapita. Maganga alifanya kazi vizuri kama siku zote, ila alikuwa ananiita Ntandu, jina langu, na chakula changu hakukigusa. Nilimwachia karanga makusudi juu ya mwamba. Zikabaki.

Kisha asubuhi moja ya baridi pikapu ya Mungaa ikasimama mbele ya banda. Hango akashuka. Maganga alikuwa mezani anasafisha plagi, akaendelea kusafisha bila kuinua macho, ila niliona mkono wake umepunguza mwendo. Hango akaingia, akatazama kila pembe kama mtu aliyekuja kununua nyumba. Msumarini palikuwa na koti la Maganga, la sufu, zuri, alilolileta kutoka Tabora na kulivaa kanisani. Hango akalitungua. Akalinusa.

"Linanuka mpagazi," alisema. "Lakini mtoto anahitaji kitu cha kumfunika, na huyu mtumwa wangu hajui baridi. Amezoea kutembea na mizigo."

Akalikunja, akalitia kwapani, akatoka, akawasha gari, akazungusha usukani mara nyingi mpaka likageuka, akaondoka nalo.

Maganga alisimama mlangoni akiitazama pikapu mpaka ilipopotea nyuma ya miamba.

"Lilikuwa koti langu zuri," aliniambia.

Jioni hiyo aliondoka karakana na shati tu mwilini, na upepo wa Singida mnaujua. Nilimsikia akipiga mluzi njia nzima mpaka kwake.